Makerere na Maswali Yasiyo na Idara

Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, inayofahamika kwa kifupi kama MISR, ilianzishwa mjini Kampala mwaka 1948 ikiitwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Historia yake inaonyesha jinsi kituo cha chuo kikuu kinavyoweza kuwaunganisha wachumi, wanahistoria, wanajiografia na wanaanthropolojia katika kazi moja. Inaonyesha pia yanayokwamisha jambo hilo.

Haja ya kituo cha namna hii inatokana na jinsi vyuo vilivyopangwa. Idara hufundisha, hutahini na huajiri kwa taaluma. Mchumi hupandishwa cheo na wachumi wenzake, kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya uchumi. Lakini jambo kama kuhama kwa vibarua haliijui mipaka hiyo: ndani yake mna mshahara, ndoa, ukoo, ardhi, kodi na mamlaka ya machifu. Kituo humpa mtafiti muda nje ya ufundishaji, fedha za kwenda uwandani na maktaba. Zaidi ya hayo humpa wasomaji wa kwanza wasio wa fani yake, ambao hawatamwachia dhana zake zipite bila kuulizwa.

Uhamaji huo ndio uliokuwa mtihani mkubwa wa mwanzo. Audrey Richards, Mwingereza aliyeiongoza taasisi kuanzia 1950 hadi 1956, alikuwa amesoma sayansi asilia Cambridge kabla ya kugeukia anthropolojia, na kitabu chake cha 1939 kuhusu Wabemba wa Zambia ya leo kilichunguza kilimo, kazi na lishe kwa pamoja. Makerere aliongoza utafiti wa watu waliotoka Rwanda, Burundi na kwingineko kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Hapo mshahara peke yake usingeeleza kwa nini wengi walibaki. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umegawa ardhi kwa wakubwa kwa mtindo wa umiliki binafsi ulioitwa mailo, na sheria ya 1928 ikaweka kikomo cha kodi ambayo mwenye ardhi angeweza kumtoza mpangaji wake na kumlinda asifukuzwe ovyo. Kwa hiyo aliyefika kama kibarua aliweza kupata kibanja, yaani shamba dogo la kupanga, akalipa kodi yake ndogo, akalima kwa faida yake mwenyewe, na watoto wake wakakua wakijiita Waganda. Ili kuiona njia hiyo yote, mtu wa sheria, wa historia, wa ukoo na wa takwimu hawana budi kukaa meza moja. Hata baada ya Richards kurudi Uingereza mtindo huo uliendelea: kitabu cha 1973 kuhusu wakulima wa Buganda alikihariri pamoja na mchumi wa kilimo, Ford Sturrock, na mwanajiografia, Jean Fortt.

Kukaa huko meza moja hakukuwa kwa bahati. Taasisi iliandaa mikutano ya mara kwa mara, makala zikarudufiwa na kugawiwa, na mwandishi akatetea kazi yake mbele ya watu wa fani nyingine. Ni utaratibu wa kawaida sana, na pengine ndio uliozaa matunda kuliko mwingine wowote.

Hata hivyo, maswali yenyewe hayakuwa huru. Fedha za mwanzo zilitoka kwa serikali ya kikoloni, na vibarua, machifu na ardhi ndiyo mambo yaliyoisumbua serikali hiyo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika kuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, taasisi ikawa ya Makerere na kuchukua jina lake la sasa. Wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam walikuwa tayari na vituo vyao vya utafiti wa maendeleo na uchumi tangu katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na wasomi wengi wakaikimbia Uganda.

Ilipofika miaka ya 1990, utafiti mwingi ulikuwa umegeuka kazi za ushauri kwa wafadhili. Kazi hizo nazo huwakusanya wataalamu wa fani tofauti, lakini ni mkusanyiko wa juujuu. Hadidu za rejea hufika swali likiwa limeshafungwa, kila mmoja huandika sura yake, ripoti huwasilishwa, timu huvunjika.

Msomi wa Uganda Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alikosoa namna soko lilivyoingia Makerere katika kitabu alichokitoa mwaka 2007. Aliteuliwa kuiongoza MISR mwaka 2010, na mwaka 2012 ikaanza programu ya miaka mitano ya uzamivu. Kwa miaka miwili ya kwanza wanafunzi husoma pamoja siasa, uchumi wa kisiasa, historia na utamaduni, ndipo kila mmoja achague mada ya tasnifu. Hoja ilikuwa kwamba mtafiti lazima ajifunze kuunda swali kabla ya kutumwa kukusanya majibu ya swali la mwingine. Ni njia ndefu na ya gharama kubwa, na wafadhili wa nje hawakutoweka. Tofauti ni kwamba fedha yao sasa ililipia masomo badala ya kununua ripoti.

Kikwazo kinachobaki kiko nje ya uwezo wa kituo. Mhitimu aliyefunzwa kuvuka taaluma hutafuta kazi katika vyuo ambavyo bado huajiri kwa idara, na tangazo la idara ya uchumi kwa kawaida humtaka mwenye shahada za uchumi, kuanzia ya kwanza hadi ya uzamivu.