Ramani ya mikoko ya Ruvuma na sahani ya mwanao

Kamba unayemnunulia mwanao sokoni Mtwara huenda alikulia kwenye mikoko. Kamba wakubwa hutaga baharini, lakini watoto wao huingia kwenye vijito vya maji chumvi na kujificha katikati ya mizizi mpaka wapate mwili. Kaa wa matope huishi humo humo, na tondo wanaookotwa na kina mama maji yakikupwa nao ni wa huko huko.

Mimi huandika habari za afya, na kwangu hili si jambo dogo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kamba, kaa na tondo wana protini, madini ya chuma na zinki, na familia ya pwani huvipata bila kupita buchani. Mikoko ikipotea, sahani nayo inapungua.

Mikoko ya mdomo wa Ruvuma imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 650, na hakuna boti ya doria inayoweza kuingia kila kijito. Hapo ndipo setilaiti inaposaidia. Landsat za Marekani zinapiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo ni bure. Tatizo ni mawingu ya masika. Ramani ya Global Mangrove Watch inalikwepa kwa kutumia rada za setilaiti za Japani, ambazo hupenya mawingu, na inaonyesha palipopungua na palipoongezeka mikoko tangu 1996. Tovuti yake hufunguka kwenye simu, ila iwe na bando la kutosha.

Ukiifungua, usikimbilie kulaumu. Doa la kupungua si lazima liwe kazi ya shoka. Ruvuma ni mto unaosogeza mchanga: ukibadili njia, mikoko ya upande mmoja hufukiwa au hubomolewa na maji, na upande wa pili miche huota kwenye tope jipya. Kinyume chake pia hutokea. Kila nukta ya picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Mtu akikata nguzo tano za mkandaa ndani ya nukta hiyo, kutoka juu bado ni kijani. Anayejua ni mama aliyepita pale jana na ndoo yake ya tondo.

Na mama huyo ndiye asiyeulizwa. Mara nyingi tukisema uvuvi tunamfikiria mwenye ngalawa, si anayetembea kwa miguu bamvua likitoka. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika. Walichora wenyewe barabara na mifereji yao, zikaingia kwenye OpenStreetMap. Vijiji vya maingilio vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu yenye GPS: majina ya vijito, palipokatwa, unapopita mpaka wa kila kanda ya hifadhi. Mahali penye kaa wengi pasiwekwe hadharani, maana wanunuzi watafika kabla ya doria.

Kuna na suala la usalama. Aprili 2019 Mtwara ilipewa tahadhari ya Kimbunga Kenneth, kabla hakijapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto. Mikoko haizuii upepo wa namna ile, lakini hupunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia nchi kavu, na mzazi mwenye nyumba karibu na maji ana haki ya kujua ukanda ulio mbele yake umebaki na upana gani.

Kama una kijana wa sekondari, mwachie simu jioni moja alinganishe eneo lenu la 1996 na la miaka ya karibuni, huku bibi akimtajia vijito. Mkiona pamekatwa, pigeni picha, andikeni tarehe na namba za GPS, mpeleke kwa serikali ya kijiji au ofisi ya hifadhi. Namba hizo humwezesha askari kufika kwenye kijito chenyewe badala ya kuzunguka siku nzima.