Mzizi wa maharagi ukikutana na udongo mgumu



Kando ya Mubambiro, fasi mahema ya wakimbizi yalisimama na gari zilipita, watu wengi wanataka kupanda tena maharagi. Tunaulizwa sana: juu ya nini yanaota vizuri, kisha majuma matatu yanabaki mafupi na ya manjano, hata kama mtu alitia mbolea? Mara nyingi jibu liko chini. Chimbua mmea mmoja (usivute!), utaona mzizi mnene, mfupi, umejikunja sawa mkia wa nguruwe.

Nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, chembe zinajaa maji na kujivuta kwa urefu. Fikiri gunia la makala: ukilifunga kamba za kulizunguka, tumbo haliwezi kupanuka, ukiendelea kujaza, linapanda juu. Chembe ya mzizi iko vile. Kamba zake ni nyuzi za selulozi. Na nani anaonyesha kamba zipite wapi? Ni vijiti vidogo sana vya proteini inayoitwa tubulini, vinavyolala ndani ya chembe karibu na ukuta, kama reli. Mashine ndogo zinazosokota selulozi zinafuata reli hizo. Wataalamu walidhania hivyo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2006, huko Marekani, waliziona kwa darubini zikitembea.

Reli zikizunguka chembe, mzizi unarefuka. Zikigeuka, kamba zinageuka nazo, na mzizi unanenepa.

Kinachozigeuza? Mzizi unatoa gazi, etileni, ile ile inayoivisha ndizi. Katika udongo laini inatoka kupitia matundu. Udongo ukikanyagwa, matundu yanafungana, gazi inabaki kandokando ya mzizi na kuambia chembe: acha kurefuka. Mwaka 2021 watafiti wa China na Uingereza walionyesha kwamba mpunga usiosikia gazi hiyo unapenya udongo mgumu. Yaani mara nyingi mzizi unasimama wakati nguvu yake ingali ikitosha.

Hapa ndipo feza ya mbolea inapotea. Fosfori ya DAP haitembei sana ndani ya udongo. Mzizi ndio unapaswa kuifuata. Mimi ningelipa kwanza watu wa jembe, kisha mbolea.

Musichanganye na ugonjwa wa kuoza. Mzizi uliooza ni wa kahawia na laini. Huu mnene unabaki mweupe na mgumu. Tena, dawa zingine za kuua majani, kama pendimethalini, zinashika tubulini yenyewe na kuvimbisha ncha za mizizi. Basi, kama mumekodi shamba, uliza lilipulizwa nini.

Mbele ya kupanda, siku mbili kisha mvua, chomeka kipande cha ferabeto fasi kumi za shamba. Kikigoma karibu kwa kina kile kile kila fasi, hapo ndipo pa kuvunja: lima kupita tabaka hilo, hata santimetre 30, na utie samadi iliyooza. Udongo ukishikamana na jembe, acha kwanza. Ukilima vile unaukandamiza upya. Lakini ferabeto ikilia «ting», hilo ni jiwe la volkano. Usihangaike nalo, inua tuta juu yake.