Mtoto wa Ughaibuni na Mnasihi Wake

Kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, anaweza kufika Marekani akiwa na nchi tatu, na bado akose la kujibu akiulizwa kwao ni wapi. Kongo ni ya wazazi wake, yeye hajaiona. Tanzania amekulia, lakini ndani ya kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, kama mkimbizi. Kentucky au Ohio, wenzake wanamchukulia kuwa Mmarekani Mweusi mpaka afungue mdomo, na akirudi nyumbani baba anamwambia amekuwa Mzungu. Haumwi. Anakula, anasoma, anaingia zamu kazini. Ila usingizi umemruka, marafiki amewakimbia, na kila ugomvi na wazazi unaishia palepale: wewe si wa kwetu tena.

Mambo ya namna hii, kwa kawaida, hupelekwa kwa mjomba, shangazi, mchungaji au shehe, na mara nyingi huishia huko vizuri. Mnasihi anahitajika pale ambapo shule au kazi imeanza kuharibika, pombe imeingia, mtu anawaza kujidhuru, au wale wazee wa kumsikiliza ndio hao hao anaogombana nao.

Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, aligawa njia za mhamiaji katika nne: kushika utamaduni wa kwao na wa ugenini kwa pamoja, kuuacha wa kwao, kujitenga na wa ugenini, au kupoteza tamaduni zote mbili. Utafiti alioufanya na wenzake miongoni mwa vijana wa nchi 13, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba wanaoshika zote mbili huwa na nafuu zaidi. Watafiti wengine wamekuja kupinga ukubwa wa matokeo hayo, na Berry mwenyewe alisisitiza kwamba njia hiyo hupitika pale tu wenyeji wanapomfungulia mgeni mlango. Kwa hiyo mnasihi anayemhimiza kijana “achanganyike” bila kumuuliza anapokewaje shuleni, anamtwisha mtoto mzigo wa mji mzima.

Kosa hili, la kumtwisha mtu kasoro isiyo yake, lina historia. Mwaka 1953 Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Aljeria, iliyokuwa bado chini ya Ufaransa. Alileta mbinu alizojifunza Ufaransa: mikutano ya wagonjwa, sinema, gazeti la wodini, kazi za mikono. Wanawake wa Kizungu walichangamka. Wanaume Waislamu hawakusogea. Madaktari wengi wa kikoloni wangesema, na kweli walikuwa wakisema, kwamba Mwaljeria ndivyo alivyo. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay waliona kasoro iko kwenye tiba yenyewe. Wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi. Wanaume wale wakaanza kushiriki. Fanon hakujua Kiarabu, akategemea wakalimani, na aligundua jambo ambalo wahamiaji wa leo wanalijua fika: kwa mgonjwa wake, mkalimani alikuwa sura ileile ya ofisi za serikali na mahakama.

Ufaransa kwenyewe, somo hilo lilipata makao katika hospitali ya Avicenne, Bobigny, pembezoni mwa Paris. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya Waislamu waliotoka makoloni. Tobie Nathan alianzisha huko kliniki ya wahamiaji, na baadaye Marie Rose Moro akaiendeleza. Familia huketi kwenye duara pamoja na wataalamu wenye asili mbalimbali na mkalimani, kisha husimulia kwa lugha yao. London nako, Jafar Kareem alianzisha kituo cha Nafsiyat mwaka 1983 kwa watu wa tamaduni mbalimbali.

Je, ni lazima mnasihi awe Mswahili mwenzako? Wengi hudhani hivyo. Lugha moja ni faida kubwa, hakuna ubishi. Kuna uchungu ambao Kiingereza hakiufikishi. Lakini jumuiya za ughaibuni ni ndogo. Mnasihi anayesali nawe Jumapili, au anayemfahamu mama mkwe wako, anaweza kukufunga mdomo hata kama yeye mwenyewe hutunza siri. Wapo wanaojieleza vizuri zaidi mbele ya mtu asiyejua ukoo wao, mradi mtu huyo anajua kuuliza.

Na kuuliza kunapimika. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni: tatizo lako ungelielezaje kwa ndugu zako, wao wanadhani limesababishwa na nini, asili yako inachangia nini, una wasiwasi kwamba mimi na wewe hatutaelewana? Katika simu ya kwanza, mteja ana haki ya kumuuliza mnasihi kama anayatumia, na kama amewahi kufanya kazi na wakimbizi au wahamiaji. Anayejibu “kwangu binadamu wote ni sawa” kisha akanyamaza, pengine ana nia njema, lakini mtafute mwingine.

Yapo pia ya karatasi. Uingereza, jina la mnasihi halilindwi na sheria, yeyote anaweza kulibandika mlangoni, hivyo jina lake litafutwe kwenye daftari la chama kinachotambulika kama BACP au UKCP. Marekani, leseni hutolewa na jimbo, na kinachoangaliwa kwa kawaida ni mahali alipo mteja. Mnasihi hodari wa Nairobi, hata akiwa amesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2014, huenda asiruhusiwe kumtibu kwa video mtu aliyeko Texas. Na mzazi asiyejua Kiingereza asiende na mwanawe wa miaka 12 kumtafsiria. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mkalimani bila malipo, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Mkalimani huyo aombwe siku ya kuweka miadi, na kama ni mtu wa mtaani kwenu, ni halali kuomba mwingine, hata wa kwenye simu aliye jimbo la mbali.