Mwandishi wa Hadithi za Kutisha na Deni la Babu

Watu wakiniuliza naandika nini usiku, nami nikawajibu kwamba naandika hadithi za kutisha, wengi hupiga audhubillahi kisha hucheka. Siwalaumu. Mtu wa miaka 54, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mwenye wajukuu wawili, hatarajiwi kukaa na daftari baada ya sala ya isha akitunga mambo ya kuwatia wenziwe hofu. Lau ningekuwa natunga mashairi ningeeleweka. Mashairi yana wenyewe hapa Mombasa, na hakuna amwulizaye mshairi kama ana akili timamu.

Ugonjwa huu ulinianza shuleni, nilipoazimwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapwa mwaka 1960. Nilikifungua nikitaraji mzimu. Nilichokikuta ni maiti, na Bwana Msa na kiko chake akiwachambua walio hai mmoja mmoja. Kisha nikapata Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha 1965. Vitabu hivi vyaitwa vya upelelezi, nami sibishi, lakini mimi nilivisoma kwa ajili ya ile baridi inayompanda mtu mgongoni.

Baadaye nikawafikia wa mbali. Edgar Allan Poe wa Marekani alifiwa na mama hajatimiza miaka mitatu, akafiwa na mkewe kwa kifua kikuu mwaka 1847, na mwenyewe akafa mwaka 1849 akiwa na miaka 40, hana kitu. Ana hadithi fupi ya mwaka 1843 ya mtu aliyemwua mzee akamficha chini ya mbao za sakafu, kisha akawa anausikia moyo wa yule maiti ukidunda mpaka akakiri mwenyewe mbele ya askari. Humo hamna zimwi wala shetani, ila mtu na alilolitenda. Wa pili ni Stephen King, aliyekuwa mwalimu wa shule katika jimbo la Maine. Ujanani alizitundika barua za kukataliwa kwenye msumari ukutani mpaka msumari ukashindwa na uzito. Kurasa za mwanzo za kitabu chake cha Carrie alizitupa kwenye pipa la taka, mkewe akaziokota akamwambia aendelee. Kitabu kikatoka mwaka 1974.

Mke wangu naye ana ufundi wake. Usiku hukanda unga wa mahamri ya kuuza asubuhi, nami humsomea. Hasemi zuri wala baya. Mikono ikiendelea kukanda, najua hadithi haijafika. Mikono ikisimama, nazima taa nikiwa na furaha.

Sasa, ndugu msomaji, liko jambo ambalo waandishi wa Ulaya hawana na sisi tunalo. Wao wakitaka kutisha huleta mzuka, na msomaji hutetemeka kwa sababu hakuwa akiuamini. Sisi majini tumeyakuta katika Kurani, na sura nzima ya 72 yaitwa kwa jina lao. Mwislamu wa pwani ukimletea jini katika hadithi humwambii jipya. Tena dawa anayo. Atasoma Ayatul Kursi, atalala. Hata Popobawa, aliyewatoa watu vitandani Pemba na Unguja mwaka 1995, aliwafanya majirani walale nje pamoja, wakikoka moto na kusemezana. Hofu ya namna hiyo huwaleta watu pamoja. Mimi nilikuwa natafuta ile inayowafanya watu wa nyumba moja wasitazamane.

Nyumbani kwetu ilikuwako.

Babu mzaa mama alikuwa na jahazi. Mwaka 1974 alichukua mbao za kulitengeneza kwa mkopo wa shilingi 3,000 kutoka kwa rafiki yake muuza mbao. Hakukuandikwa kitu, watu wa zama zile waliandikiana kwa maneno. Mwaka 1978 babu akafariki. Kila Mwislamu ajua kwamba deni la maiti hulipwa kwanza, ndipo mirathi igawanywe. Wajomba zangu walisema kama hapana karatasi hapana deni, wakagawana.

Yule mzee hakudai. Hakwenda kwa kadhi, hakusema msikitini. Ila kila Ijumaa baada ya sala alikuja barazani petu, akatoa salamu, akaketi kuelekea mlango. Mimi mtoto ndiye niliyetumwa kumpelekea kahawa. Alikunywa kikombe kimoja, akamwombea babu rehema, akenda zake. Mambo yalikuwa hivyo miaka sita, mpaka naye akafa. Ndani ya nyumba, saa ile ya kahawa, hakuna aliyesema neno, na mjomba mkubwa alikuwa akipata haja ya kutokea mlango wa nyuma.

Hadithi yangu yaanzia hapo alipoishia yeye. Mgeni amekwisha kuzikwa, na Ijumaa inayofuata watu wa nyumba wanamimina kahawa wanaiweka barazani. Wanafanya hivyo mwaka, wanafanya hivyo miaka kumi, maana hakuna athubutuye kuwa wa kwanza kuacha. Hakuna mzuka anayekuja kuinywa. Kahawa yapoa tu. Nilipomsomea mke wangu ukurasa wa tatu, unga ulikauka mikononi mwake.

Mchapishaji mmoja aliipenda, ila alitaka niongeze mwisho wenye mafunzo ili iweze kusomwa mashuleni, kwani kwetu kitabu kisichoingia shule hakina mnunuzi. Hesabu yake naielewa, naye ana mishahara ya kulipa. Lakini kumleta mwalimu barazani aeleze kikombe kile maana yake nini ni sawa na kumwaga kahawa yenyewe. Nilikataa.

Kumkataa yeye kulikuwa kwepesi. Mzito alikuwa mama. Mama asoma Kurani na vitabu vya dini, lakini herufi za Kizungu hakufunzwa, kwa hiyo nilimsomea mwenyewe, katika nyumba ile ile, hatua chache kutoka baraza ile ile. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, “Mwanangu, Mungu amesitiri, weye wafunua?”

Nilimwambia majina nimeyabadili. Akasema majina si kitu, Mji wa Kale wote una masikio. Hapo alikuwa na haki, kwa sababu sitara ni katika dini, na mjomba mmoja yungali hai. Nilinyamaza. Baada ya kitambo akaongeza, “Tena kikombe hakikuwa cheupe. Kilikuwa na mstari wa buluu mdomoni. Mimi ndimi niliyekiosha.”

Siku mbili hakunitajia tena. Ya tatu akaniita akaniuliza, “Watoto wake wako wapi siku hizi?”

Nilimpata binti yake mmoja, Kisauni, mjane. Mama ataka kulipa hadithi haijachapishwa. Mjomba asema kwanza hadithi ichanwe, ndipo azungumze habari ya kulipa. Tena liko suala ambalo wanavyuoni wawili niliowaendea hawakuafikiana: shilingi 3,000 za mwaka 1974 hulipwa shilingi 3,000 hizi hizi za leo, ama hulipwa kwa thamani yake ya siku zile? Hadithi iko katika bahasha juu ya kabati la mama, ameifunika kwa kitambaa. Jumamosi nitakwenda kwa wauza mbao kuuliza bei ya mbao za jahazi moja.