Pikipiki Mpya na Kilomita Zake za Kwanza

Pikipiki inayotoka dukani bado haijamaliza kutengenezwa. Nyingi kati ya zile zinazouzwa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa husafirishwa kutoka India na China zikiwa vipande, na mafundi wa huku ndio wanaofunga gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri. Hata baada ya hapo hubaki kazi moja ambayo kiwanda huiacha ikafanyikie barabarani, nayo ni kuzizoeza sehemu zinazosuguana. Pistoni haijakubaliana na silinda, brekishu hazijakaa sawasawa, tairi halijauma lami, na aliyekalia kiti hajui klachi inashikia wapi. Kazi hiyo huanza siku ya kwanza, na anayeifanya ni mwendeshaji mwenyewe, ajue asijue.

Kwa kuwa pikipiki imefungwa kwa mikono, saa ya kwanza ni ya kukagua mikono hiyo ilifanya nini. Nati za ekseli zote mbili na boliti za usukani hujaribiwa kwa spana, si kwa macho. Cheni hushikwa katikati, upande wa chini, na kupandishwa na kushushwa. Katika pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3. Ikikaza kama waya wa gitaa itakula sproketi, ikilegea sana huweza kuchomoka. Upepo nao hupimwa upya, maana duka huweza kujaza kupita kiasi ili pikipiki isimame vizuri ikisubiri mteja. Kipimo cha kawaida kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 ni kama psi 25 tairi la mbele na 28 la nyuma kwa mtu mmoja, la nyuma likipanda hadi 32 akiwepo abiria.

Betri ya maji ina hadithi yake. Hutiwa asidi dukani, kisha inapaswa kuchajiwa taratibu kabla ya kufungwa. Mteja akiwa na haraka hatua hiyo hurukwa, na baada ya wiki chache stata inagoma, lawama inamwangukia mtengenezaji.

Karatasi hazina mengi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zile zilizo kwenye kadi ya usajili, bima ya mtu wa tatu iwe imekatwa, na leseni iwe na daraja la pikipiki. Namba za usajili za Tanzania huanza na MC, za Kenya huanza na KM. Nailoni ya kiwandani iliyofunika kiti ni vyema ivuliwe papo hapo, ingawa wenye pikipiki wengi huitunza kwa miezi ili chombo kionekane kipya. Kiti chenye nailoni huteleza, hasa abiria anapokalia jasho au mvua.

Kuwasha huwaumbua wengi. Mtu anapiga kiki mpaka shati linalowa, kumbe koki ya mafuta imefungwa, au ile swichi nyekundu iliyo karibu na mkono wa kulia imezimwa. Choki huhitajika penye baridi. Asubuhi ya Njombe au Mbeya injini inaweza kuikataa kiki bila hiyo, wakati Dar es Salaam inaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa. Injini ikishawaka, ekzosi mpya hutoa moshi na harufu ya rangi kwa dakika chache. Ni mafuta na rangi ya kiwandani vinavyoungua juu ya bomba, na moshi huo hukoma wenyewe.

Joto, hata hivyo, si la kudharauliwa. Pikipiki ya kwanza ya petroli, iliyoundwa na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach huko Ujerumani, ilijaribiwa Novemba 1885 na mmoja wa wana wa Daimler, kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim. Fremu yake ilikuwa ya mbao, kiti kilikuwa juu ya injini, na inasimuliwa kwamba kiti hicho kilishika moto njiani. Siku hizi kinachoungua ni mguu. Ekzosi nyingi ziko upande wa kulia, na mwendeshaji mgeni husahau hilo anaposhuka au anapoiegemeza pikipiki mwilini. Kovu la duara kwenye shavu la mguu ni la kawaida kiasi kwamba vijiweni halimshangazi mtu.

Mita mia za kwanza zina hatari yake, nayo haitokani na kasi. Pikipiki hujisimamia vizuri ikiwa mwendoni; inapotambaa, uzito wake wa kilo 110 hadi 130 humwangukia mwendeshaji kwenye mikono na miguu. Ndiyo maana wengi huanguka wakiwa wanageuza kwenye uwanja mtupu. Dawa ni klachi. Kila pikipiki ina mahali pake ambapo klachi huanza kushika, na hata mzoefu wa miaka kumi hulazimika kupatafuta upya: gia ya kwanza, mkono wa kushoto unaachia polepole, chombo kinajaribu kusogea, mkono unatulia hapohapo. Mara kumi za zoezi hilo penye uwazi zinatosha. Mpangilio wa gia nao huwadanganya waliobadilisha aina, kwa kuwa zipo pikipiki ambazo gia zote huingia kwa kukanyaga upande mmoja, na zipo ambazo ya kwanza iko chini na nyingine zote juu. Aliyezoea moja akipanda nyingine, mguu hufuata mazoea, na anayetaka kuongeza gia hujikuta amepunguza.

Tairi jipya lina uso laini unaong'aa, na huenda likabaki na mabaki ya dawa ya kulitoa kwenye kalibu kiwandani. Mpaka uso huo ukwaruzwe na barabara, kwa kilomita 100 na zaidi kidogo, kona hazilazwi, na lami yenye matone ya kwanza ya mvua huogopwa mara mbili.

Breki nazo zinahitaji kuzoeana na kile zinachokibana. Siku ya kwanza hukamatwa kwa upole, mara nyingi, na mapema. Hapa mafunzo ya mtaani yamewaharibu watu: imani kwamba breki ya mbele inapindua pikipiki imewafanya wengi waiache kabisa. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi na husota upesi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Kinachoangusha ni kuikaba ghafla, au kuikamata juu ya mchanga huku usukani umepinda. Kwa kilomita 40 kwa saa pikipiki hukata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo anayechelewa sekunde moja kabla ya kushika breki ameshapita urefu wa basi.

Ndani ya silinda ndiko kwenye kazi yenyewe. Ukuta wake, unaoonekana laini kwa macho, umechorwa kiwandani mistari myembamba inayokatizana. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake na ringi za pistoni husagana mpaka ziwe na umbo moja. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni mgandamizo wa gesi zinazoungua. Injini mpya, basi, haitaki kuteswa, na haitaki kubembelezwa kupita kiasi. Ikikamuliwa mapema joto huzidi na nyuso hukwaruzana vibaya. Ikiachwa ingurume kijiweni saa nzima bila kutembea, ringi hazipati msukumo, ukuta hulainika kabla ya wakati, na baadaye oili hupenya na kutoka kama moshi wa bluu.

Vitabu vinavyokuja na pikipiki nyingi ndogo huweka kikomo cha kilomita 40 hadi 50 kwa saa katika kilomita 500 au 1,000 za kwanza. Kubadilisha mwendo ni muhimu kama kutokimbia. Anayenunua Dar es Salaam na kuiendesha mpaka Morogoro siku hiyohiyo, kilomita 190 hivi kwa mwendo mmoja, anaokoa nauli ya mzigo na kuilipia kwenye injini. Kupanda mlima kwa gia kubwa, injini ikigugumia, kunaumiza vilevile.

Shauri hili lote hugongana na hesabu. Kijana aliyepewa pikipiki na tajiri kwa mkataba huanza kudaiwa tangu siku ya kwanza, na tajiri hapokei kilomita badala ya fedha. Hivyo pikipiki ambayo ingefaa ibebe mtu mmoja taratibu, jioni inaonekana ikipanda kilima na mishikaki, abiria wawili nyuma na gunia la mkaa mbele. Wanaoweza kupanga huchagua safari fupi za mtaani kwa wiki ya kwanza na kukataa mizigo. Pato hushuka kidogo kwa siku hizo, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni mpya.

Oili ya kwanza humwagwa mapema kuliko zote zitakazofuata, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000. Katika pikipiki hizi oili hiyohiyo moja hulainisha injini, gia na klachi, kwa hiyo oili ya gari huweza kuifanya klachi iteleze, na inayofaa ni ile iliyoandikwa kwenye chupa kuwa ni ya pikipiki. Siku hiyo fundi hukaza cheni, ambayo hurefuka zaidi ikiwa mpya, na kurudia nati zote. Oili iliyotoka ikitazamwa juani kwenye beseni, huonekana chembe ndogo zinazometameta: ni ncha za ile mistari na unga wa meno ya gia, vilivyosagika njiani.