Gugu la Ziwani, Chakula cha Nafaka

Sisi watu wa pwani tumezaliwa na mwani miguuni. Bahari ikichafuka huutupa ufukoni fungu kwa fungu, nasi tukauruka na kupita, tukikereka na harufu yake. Wengi wetu hatukuuona mwani kuwa ni mali mpaka mwaka 1989, wanawake wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, walipoanza kuulima kwa kamba na mambo, ukakaushwa na kuuzwa ng'ambo. Leo hata Kibuyuni, huku kwetu Kwale, unalimwa.

Lakini wako walioijua thamani yake kabla yetu. Katika visiwa vya Scotland na Ireland, wakulima waliubeba mwani kwa vikapu wakaulisha mashamba yao ya shayiri. Katika visiwa vya Aran, ambako ardhi yake ni jabali tupu, watu waliufanya udongo wenyewe kwa kuchanganya mchanga na mwani.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza, ndugu msomaji, niliposimama Dunga, ukingoni mwa mji wa Kisumu, kulitazama Ziwa Victoria. Maji sikuyaona. Niliona zulia la kijani lenye maua ya zambarau, na mashua zimekwama ndani yake kama nzi katika asali. Nilipomwambia mvuvi mmoja kwamba mwani wao ni mwingi, alicheka akanisahihisha: huo si mwani, ni gugu maji. Naam, haki ni yake. Mwani hauna ua wala mizizi ya kweli. Gugu maji lina vyote viwili, na asili yake ni Amerika ya Kusini.

Mgeni huyu alionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 alikuwa amefunika kiasi cha hekta 17,000 upande wa Kenya peke yake, wavuvi wakakosa njia na bandari ya Kisumu ikafungika. Mwaka 1997 wataalamu walikwisha kuwaachilia ziwani fukusi wa kulila gugu hilo, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi yetu ghalani. Fukusi hao, pamoja na misukosuko ya mvua na mawimbi ya El Niño, walilipunguza sana. Lakini halikwisha. Mbegu zake hulala matopeni miaka mingi, na kila mara hurudi.

Kwa nini hurudi? Hapa ndipo penye kiini cha habari. Gugu halili upepo. Linalishwa na uchafu wa miji na udongo wenye rutuba unaochukuliwa na mvua kutoka mashambani, ukateremka kwa mito kama Nyando na Sondu mpaka Ghuba ya Winam. Mkulima wa uwanda wa Kano hununua mbolea, mvua huiosha, ziwa huipokea, gugu huinywa. Basi lile zulia la kijani, kwa sehemu yake, ni mali ya mkulima iliyomtoroka.

Na mali hiyo si rahisi kuipata tena. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 madukani, hata mwezi wa Septemba Serikali ikaanza kuiuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500. Mkulima mdogo asiyeimudu bei hupanda mahindi na mtama katika ardhi iliyochoka, na ardhi iliyochoka ndiyo makao ya lile gugu jingine, kayongo, linalofyonza nafaka mizizini.

Njia ya kuirudisha mali nyumbani ni mboji. Gugu huvutwa nchi kavu, likakatwa vipande na kuanikwa mpaka linyauke. Kisha hupangwa tabaka kwa tabaka pamoja na samadi, majani makavu na majivu kidogo, likafunikwa na kupinduliwa mara kwa mara. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa udongo mweusi usio na harufu mbaya. Joto la biwi ndilo linaloua mbegu. Anayelitupa gugu bichi kando ya mfereji wa mpunga kule Ahero huenda akajipandia adui.

Sharti nyingine zipo. Katika kila kilo 100 za gugu bichi, kiasi cha 95 ni maji, kwa hiyo kazi ni kubwa na mboji ni haba. Ifaa itengenezwe karibu na ufuko. Gugu hunyonya pia risasi na sumu nyinginezo, hivyo lisichotwe penye midomo ya mifereji ya mji na viwanda. Na anayeingia majini avae buti, maana konokono wa kichocho hujificha humo. Wala tusidanganyane kwamba mboji italimaliza gugu. Litapungua kwa kweli siku udongo na uchafu utakapozuiwa juu huko kabla ya kufika ziwani.

Nasi wa pwani tujiulize. Mwani unaotupwa ufukoni una potasi nyingi na madini mengine. Ukiachwa mvua iuoshe chumvi, kisha ukachanganywa na samadi, nao waweza kuusaidia muhindi na mtama. Mola hakuumba kitu bure, ila sisi hukipita. Namalizia kwa beti moja:

Kilokimbia shambani, kwa mto kikashukia,
Kikawa gugu ziwani, mashua kuzizuia,
Kivuteni ukingoni, kioze kwa kutulia,
Kirudi kwake nyumbani, mtama ukajilia.