Vijana Katika Mashauri ya Mvua na Maisha



Mwezi uliopita tulipata barua ya mwanachama mmoja, mzee ambaye ameshika shamba lake la mikarafuu tangu ujana wake. Mwanawe, kijana wa miaka 22, yuko bara katika mji wa Musoma, Mkoa wa Mara, akifanya biashara ndogo ya viungo na kukaa katika kata ya Kamunyonge. Kijana huyo alimwarifu babake kwamba aliitwa katika mkutano wa mtaa, pakazungumzwa habari za mitaro ya maji ya mvua na ufuko wa ziwa, naye akaombwa rai yake, akaitoa. Mzee atuuliza: "Je, ni adabu hii, kijana wa umri huo kusimama mbele ya watu wazima akazungumza mambo ya Serikali?" Na chini ya barua ameongeza kwamba mwanawe naye amemtupia swali: "Na huko kwenu, baba, chama kinawasikiliza vijana?"

Swali la kwanza ni jepesi. La pili ni zito, na kwa kweli ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tutaanza na lile jepesi.

Kamunyonge na ziwa

Kamunyonge ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma. Mji wa Musoma umekaa juu ya ncha ya nchi iliyoingia katika Ziwa Viktoria, hata mtu akiwa popote mjini, maji hayako mbali naye. Huko hakuna mkarafuu, bali wako wavuvi, wachuuzi na wakulima, ambao riziki yao yafuata mvua kama yetu ifuatavyo.

Karibu sehemu 8 katika kila 10 za maji yaingiayo ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo mvua zikizidi, ziwa hupanda, na watu wa ufukweni hupata taabu. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2, hata kufika Mei 1964 likawa juu kuliko lilivyopata kupimwa. Wazee wengi wa kando ya ziwa waliamini kwamba hawataona tena mambo kama yale. Lakini mwezi wa Mei 2020, kipimo cha Jinja, Uganda, kilionyesha kwamba maji yamepita alama ya 1964, na mwaka 2024 yakapanda zaidi ya hapo. Katika nchi zote tatu zilizozunguka ziwa, Tanzania, Kenya na Uganda, watu walihama majumba yao na mashamba yakafunikwa.

Mwanachama asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande huu wetu wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Hali hiyo inapotokea, mawingu mengi huja upande wetu, na vuli huwa kubwa mno. Basi bahari ile ile tunayoitazama tukianika karafuu zetu ndiyo iliyopeleka mvua hata Musoma. Mwaka mwingine mambo hugeuka, vuli ikawa haba, na sisi sote tukaangalia mbingu.

Sera ni nini, na kijana ana nini nayo?

Neno "sera" twalisikia kila siku katika redio, lakini si wote tuliokaa tukalifikiri. Sera ni njia ambayo Serikali, au halmashauri, au hata chama kama hiki chetu, imeazimia kuifuata katika jambo fulani. Sheria hutoka katika sera, na fedha hufuata sheria. Sera ikisema kwamba fukwe zihifadhiwe, itatungwa sheria ya kuzihifadhi, kisha mtu aliyejenga ufukweni ataambiwa ahame. Bara, mathalan, Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa mtu wa Musoma mita 60 huenda ni banda lake zima la biashara.

Kijana ana haki gani ya kusema hapo? Sisi tulio wakulima wa karafuu tungepaswa kuwa wa kwanza kulijibu. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na ukitunzwa waweza kuishi zaidi ya umri wa aliyeupanda. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi wa zao hili. Waliopanda upya baada ya dhoruba ile wengi wao hawakula matunda ya kazi yao yote. Waliyakula watoto na wajukuu. Na mambo ya mvua na joto ni vivyo hivyo. Linaloamuliwa leo juu ya msitu, mtaro au ufuko, sisi wenye mvi tutaliona miaka michache, lakini kijana wa miaka 22 ataishi nalo miaka 50. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu ndiye atakayekilalia.

Tena Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 imemhesabu kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Na tusisahau kwamba Musoma hiyo hiyo, katika shule ya Mwisenge, ndipo aliposomea mtoto mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere, aliyezaliwa Aprili 1922. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 na yeye akawa rais wake, alikuwa na miaka 32. Kwa hesabu ya leo alikuwa kijana.

Neno la kijana hupita wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kushiriki katika sera ni kualikwa mjini, kuvaa fulana yenye maandishi na kupigwa picha. Hayo yana siku yake, lakini si hapo mambo yanapoamuliwa. Bara, njia huanza katika mkutano wa mtaa, ambamo kila mkaazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuingia na kusema. Akifikisha 21 aweza hata kugombea uenyekiti wa mtaa, kama ilivyokuwa katika uchaguzi wa Novemba 2024. Rai ya mtaa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo kwenye Halmashauri, ambayo ndiyo itungayo sheria ndogo na kugawa fedha. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 imeruhusu kamati za mazingira hata katika ngazi ya mtaa na kijiji. Basi kijana wa Kamunyonge aliyesema mtaro wa njia fulani umeziba na maji yarudi majumbani, hakuvunja adabu. Alisimama mahali ambapo sheria imempa asimame, na akasema lile alijualo.

Kwetu visiwani mambo yana mpango wake. Iko shehia na sheha wake, na juu yake wilaya. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya kuunda Baraza la Vijana Zanzibar, lenye mabaraza yake tangu shehia mpaka taifa. Bara sheria ya Baraza la Vijana la Taifa ilipitishwa mwaka 2015, lakini miaka mingi ikapita Baraza lenyewe halijaundwa. Somo tunalolipata hapo ni kwamba sheria kuandikwa ni jambo moja, na kiti kukaliwa ni jambo jingine. Hata sisi wenye baraza, tujiulize: katika shehia zetu, ni lini mara ya mwisho vijana wake walikaa wakazungumza habari za mvua, visima na miche?

Na yasidharauliwe maneno madogo yaanzayo mahali padogo. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria katika nchi ya visiwa iitwayo Vanuatu, huko Bahari ya Pasifiki, waliona bahari yala ardhi yao. Wakaanza kuishawishi serikali ya nchi hiyo ipeleke shauri duniani: je, mataifa yana wajibu wa kisheria juu ya mabadiliko haya ya tabianchi? Serikali ikakubali. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaafiki kwamba swali hilo lipelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ikajibu kwamba ndiyo, mataifa yana wajibu huo. Waliolianzisha walikuwa vijana wa visiwani, watu kama hawa wanaotuchumia karafuu.

Wasemavyo wazee

Yako maneno ya wazee ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Kijana anaweza kusema kwa haraka, akakosea, na hasara ikawa ya wote. Hajaona njaa, hajaona mwaka ambao karafuu zilikosa bei. Lakini kusikilizwa si kutiiwa. Mzee anayemsikiliza kijana hajamkabidhi ufunguo wa ghala. Amepata habari ambayo hakuwa nayo, kisha aamue kwa hekima yake. Na kijana naye ana wajibu: asije na kelele tupu, aje na alilolipima.

Sasa swali la pili

Hapa inatupasa tuseme kweli, ijapokuwa yaumiza. Katika mkutano wetu wa mwaka juzi tulipanga kugawa miche wakati wa vuli. Kijana mmoja aliyekuwa akinywesha maji katika kitalu aliinua mkono akasema kwamba vuli mbili zilizopita mvua zilikatika mapema, na kwamba ni heri miche ingoje masika. Aliambiwa na mmoja wetu, "Wewe si mwanachama, huna mikarafuu, kaa chini." Akakaa. Sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa mezani siku ile, kalamu mkononi, na hatukusema neno. Hata katika kumbukumbu za mkutano hatukuliandika lake. Miche ikagawiwa. Mvua zikanyesha wiki chache zikakatika, kisha kiangazi kikaingia. Kila mwanachama anajua miche mingapi ilikauka shambani mwake, na hatuna haja ya kuitaja hesabu.

Kijana yule hatumwoni tena kitaluni. Tumesikia amekwenda mjini kuendesha bodaboda.

Kanuni yetu yasema mwanachama ni mwenye mikarafuu. Ilipoandikwa ilikuwa na maana, kwa sababu mwenye shamba ndiye aliyepanda mti akachuma. Leo wenye shamba wengi ni watu wazima, na wapandao mitini ni vijana. Wachambuaji, ambao ni mabinti na mama zao, ndio wajuao karafuu imeharibika kwa mvua ya siku gani, kwa kuwa ndio waanikao majamvini na kuyakunja mawingu yakija. Wote hao kwa kanuni yetu hawana sauti. Chama chenye kuwafunga mdomo wanaoijua mvua kitajuaje habari za mvua?

Kwa hiyo tumeazimia kuleta mambo matatu mbele ya mkutano mkuu ujao, nanyi mtayakubali au mtayakataa:

Kwanza, kijana wa kike au wa kiume aliyefanya kazi ya karafuu katika shamba la mwanachama kwa msimu mzima apate haki ya kuingia mkutanoni na kusema, ijapokuwa hana mti wake.

Pili, viti viwili katika kamati ya chama vikaliwe na watu wa miaka 18 hadi 35, kimoja cha mwanamke na kimoja cha mwanamume, wakichaguliwa na vijana wenyewe.

Tatu, kila tawi liwe na daftari la mvua. Vijana wawili wataandika kila siku iliyonyesha, mvua ndogo au kubwa, siku miche ilipopandwa, na mingapi imeshika. Kopo lenye mdomo ulionyooka na rula vyatosha kwa kuanzia. Daftari hilo lisomwe mkutanoni kabla ya kuamua lolote la kupanda, na nakala yake ipelekwe kwa sheha na kwa maafisa wa kilimo, ili siku itakayotungwa sera ya zao letu, maneno ya shamba yawemo.

Wako watakaosema kwamba tunawafungulia vijana mlango waje watutawale. Sisi twaona kwamba mlango wameshauona: ni ule wa kwenda zao. Tusipowapa nafasi ya kukaa, tutabaki na mikarafuu mirefu na hakuna wa kuipanda.

Mzee wetu aliyetuandikia tumemjibu kwamba mwanawe hakukosa adabu, na kwamba afurahi naye. Juu ya swali la mwanawe tumemwandikia kwamba jibu liko mikononi mwa wanachama, siku ya mkutano mkuu. Tunawaomba kila tawi lizungumze mambo haya matatu mapema, na mje mkiwa na shauri. Na atakayemwona kijana yule wa kitalu, amfikishie salamu zetu, na amwambie kwamba neno lake safari hii tumeliandika.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama